Jumapili za Kristofa

Swali la kumi na nne lilikuwa fupi kuliko maswali yote ya fomu ile, na ndilo lililomtoa Shabnam Dar es Salaam likamleta Pongwe: Je, marehemu alimeza dawa kila siku kwa siku thelathini? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Shabnam aliipakata fomu juu ya mkoba wake, amekaa kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, mbele ya mjane aliyevaa bado nguo nyeusi. Moyoni mwake alikuwa akiomba jibu liwe hapana.

Tusimhukumu upesi. Miaka tisa si kitu cha kumwaga kama maji ya kunawia. Shabnam alikuwa mtaalamu wa dawa, binti wa Tajdin mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, na miaka yake tisa aliimalizia kwenye kitu kisichozidi urefu wa ukucha. Mtu akipatwa na shambulio la moyo kwa sababu mshipa umeziba, daktari hupenyeza waya mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka moyoni, na pale penye kizuizi huacha kijibomba cha wavu wa chuma, kinaitwa stenti, kiushikilie mshipa usijifunge tena. Wavu huo hupakwa dawa, maana bila dawa nyama ya mshipa huota juu yake mpaka njia ikaziba upya. Lakini dawa hiyo hiyo huchelewesha kidonda cha ndani kupona, na chuma kikikaa wazi, damu huganda juu yake. Ndiyo maana mgonjwa hupewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, miezi sita, wengine mwaka mzima. Anayeviacha mapema huenda akafa mezani, kijiko kiko mkononi.

Mwaka wa vidonge si kitu kwa anayekaa jirani na duka la dawa. Kwa mtu wa kijiji kama Mwera, masika yakishaikata barabara, ni habari nyingine. Shabnam alimjua mmoja wa huko, Mzee Fanueli, mkulima wa mihogo, aliyewekewa stenti nzuri ya ng'ambo akaja kufa kwa wiki mbili za matope zilizomkosesha vidonge. Tangu siku ile akaingiwa na wazo moja lililomkosesha mume, likamkosesha na likizo: utando wa dawa utakaoyeyuka wote mapema, uuache mshipa uote ngozi yake changa juu ya chuma, ili mgonjwa ameze vidonge siku thelathini tu, kisha aende zake akalime.

Watu mia moja na themanini walikuwa wamekwisha kuwekewa stenti hiyo kwa majaribio. Watatu walikufa, damu imeganda ndani yake, ilhali dawa zao walizimeza barabara. Kanuni ya utafiti ilikuwa wazi: akifa wa nne kwa namna hiyo, majaribio yasimame na wote waliobaki warudishwe kwenye vidonge. Na kanuni ikaongeza ibara: aliyeruka siku tatu au zaidi katika zile thelathini hahesabiwi. Ibara hiyo aliiandika Shabnam mwenyewe.

Kristofa Komba, mkata mkonge mstaafu, alikufa wiki ya kumi na moja baada ya kuwekewa, damu imeganda vilevile. Ama alikuwa wa nne, ama hakuwa. Jibu lilikuwa kwa mkewe, Praxeda.

"Mama," alisema Shabnam, "sikuja kumlaumu mtu. Nataka kujua tu. Zile dawa, mzee alikuwa anazimeza sawasawa? Maana wazee wetu wakati mwingine husahau."

Swali hilo lilikuwa limekwisha kutafuniwa jibu. Praxeda, mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye mikono mipana, aliliona jibu linalotakiwa kama anavyoona mgeni anayetazama sahani. Naye alikuwa mtu wa adabu. Mgeni akisema chai haina sukari, huongezewa, hata kama mwenye nyumba anajua alitia vijiko vitatu.

"Huenda alisahau, mwanangu. Uzee huo." Ilionekana amejaribu kuuacha uongo ule mdogo ulale juu ya marehemu, na umekataa kulala. "Hapana. Kristofa hakusahau. Ngoja."

Akaingia chumbani, akarudi na kadi ngumu, imegeuka rangi kwa ukongwe, yenye visanduku thelathini vilivyopigwa mistari. Watu wa mashamba ya mkonge wanaijua kadi hiyo. Inaitwa kipande. Baba yake Kristofa aliletwa kutoka Songea zama za manamba, vibarua wa mkataba, na maisha yake yote yalipimwa kwa vipande: siku uliyokata mkonge nyapara anakutilia alama, usiyokata haikuwahi kuwako duniani. Kristofa alirithi panga, akarithi na namna hiyo ya kuhesabu siku. Ofisi ya shamba ilipofungwa, wenzake walibeba viti na mabati. Yeye alibeba bunda la vipande vitupu, wakamcheka.

"Nesi alipomwambia siku thelathini, mwenyewe alifurahi," Praxeda alisema, akimwelekea Mwanasiti, muuguzi wa utafiti, aliyekuwa amekaa pembeni ya Shabnam. "Akaniambia, 'Mama Nehemia, nimeajiriwa tena.' Kila asubuhi akishakunywa uji, anameza, anachora. Tazama mwenyewe."

Shabnam alitazama. Visanduku thelathini, kila kimoja kina vijistari viwili vya kalamu ya risasi kwa vidonge viwili vya siku. Hakikuwa kitupu hata kimoja. Wa nne huyu, alijiambia. Miaka tisa imekwisha kwenye kochi la Pongwe. Ndipo macho yake yakaangukia tarehe, zimeandikwa kwa hati ndogo pembeni ya kila kisanduku. Ya kwanza ilikuwa Septemba mbili. Ya mwisho ilipaswa kuwa Oktoba mosi. Ilikuwa Oktoba tano.

"Mama, tarehe nane haipo hapa. Wala kumi na tano."

"Hizo Jumapili."

"Jumapili hakumeza?"

"Jumapili alipumzika," alisema Praxeda, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo hata mtoto wa katekisimu analijua. "Mimi ndiye niliyemwambia. Kristofa, nikamwambia, umekata mkonge miaka thelathini na minne, hukukata hata Jumapili moja. Sasa midawa mikali namna hii utaimeza siku ya Bwana kwa nini? Acha na damu ipumzike. Akasema kweli, hata nyapara hakuwahi kunitilia alama Jumapili."

Shabnam alifurahi. Hakuna neno jingine la kuieleza hali ile. Furaha ilimpanda kifuani, ya moto, akainamisha uso ili isionekane. Septemba nane, kumi na tano, ishirini na mbili, ishirini na tisa. Siku nne. Nne ni zaidi ya tatu, na Kristofa hahesabiwi. Alitia alama kwenye kisanduku cha hapana.

"Kwani ilikuwa si sawa?" aliuliza Praxeda.

Mwanasiti alikohoa. Shabnam alisema, "Zilitakiwa kila siku, mama. Bila kuruka."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

Praxeda aliichukua kadi, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Nje jirani alikuwa akitwanga, na mpigo wa mchi ulisikika wazi mle ndani. "Kwa hiyo ndizo zilizomuua?" aliuliza. "Jumapili zangu."

Lilikuwa na jibu swali hilo, na Shabnam alikuwa na elimu ya kulijibu. Alimtazama yule mama machoni, akatafuta maneno, akaokota yale yaliyokuwa karibu. "Bado hatujajua, mama. Tunaendelea kuchunguza."

Praxeda hakuuliza tena. Aliweka sahihi mahali alipoonyeshwa, akiandika jina lake lote bila haraka. Wageni walipoinuka, alitoka uani akawafungia machungwa kwenye mfuko, kwa kuwa kuwe na msiba kusiwe na msiba, mgeni hatoki mikono mitupu. Aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akasimama pale barabarani huku jua la Desemba likimchoma utosini.

Mwanasiti ndiye aliyeendesha. Waliziacha nyuma safu za mkonge.

"Mie nlimpigia simu kila Jumatatu," alisema ghafla. "'Mzee, dawa wameza?' 'Nameza, nesi.' Kila Jumatatu, daktari! Lau ningempigia Jumapili moja tu, moja, ningeyajua haya."

"Hukukosea. Ratiba ilisema Jumatatu."

"Na yule mama, kakosea?"

Shabnam alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu, akajifanya hakusikia. Mwanasiti alikuwa Mdigo wa Tanga hasa, na watu wa kwao hawaachi neno njiani.

"Maana umemtwisha, daktari. Umemtwisha kifo cha mumewe, kisha ukapokea na machungwa."

Profesa Wilfred, mkuu wa utafiti, alipiga simu kabla hawajafika mjini. Sauti yake ilijaa gari zima. "Siku nne? Ziko kwa mwandiko wake mwenyewe? Basi tumepona, Shabnam! Leta karatasi Jumatatu, tuifunge habari hii." Shabnam akasema ndiyo, Profesa, akasikia sauti yake mwenyewe ikicheka naye. Mwanasiti aliwasha redio.

Dukani kwa Tajdin hakukuwa kumebadilika kitu tangu Shabnam alipokuwa msichana wa shule: misumari ndani ya madebe, minyororo ikining'inia, harufu ya grisi na kamba mpya. Mzee alikuwa na miaka sabini na sita na bado alikaa nyuma ya meza yake saa zote za kazi, akigombana na kila mtu kwa mapenzi. Shabnam alimwamkia, akaketi juu ya gunia, akavua viatu. Hajapata kunywa maji, akaingia fundi seremala, Ayubu, ameshika bawaba ya mlango iliyokatika katikati.

"Mzee Tajdin, shikamoo. Hii imevunjika siku ya pili tu. Mlango wa watu umeanguka."

"Marahaba. Uliifungaje?"

"Kama kawaida, mzee."

"Kama kawaida ndiyo vipi? Skrubu ngapi?"

"Tatu… Moja ilikuwa fupi kidogo, lakini…"

"Aa!" Tajdin aliinua kidole. "Fupi kidogo."

Ayubu aliitazama bawaba mkononi mwake kwa muda, kisha akaitazama mikono yenyewe. Alisema labda kweli, labda ile skrubu. Aliomba radhi kwa kumsumbua mzee, akanunua bawaba nyingine pamoja na skrubu ndefu, akatoka ameinama.

Tajdin alimsubiri apotee, akacheka mpaka akakohoa. "Bawaba mbovu zile. Boksi zima. Chuma chake kama biskuti."

"Sasa mbona umemuuliza vile, Baba?"

"Mazoea, Shabu. Miaka arobaini na tano mimi nauliza hivyo. Mteja akirudi na kitu, usimpe nafasi akakitazama kitu. Muulize, umeifungaje? Hapo hapo ataanza kujipekua mwenyewe. Na mtu akijipekua atapata kosa tu. Nani hana kosa? Akishalipata lake, bawaba amekwisha kuisahau." Akafuta macho. "Usinitazame hivyo. Wiki ijayo nitampunguzia bei ya kitu kingine. Mimi si mtu mbaya."

Shabnam hakuwa akimtazama yeye. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Kwa miaka mingi alijiona amelikimbia duka lile, amekwenda kwenye kazi safi ya darubini na koti jeupe. Kumbe alikuwa amekwenda na meza ya baba yake mgongoni.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Adhuhuri Tajdin alivaa kofia yake nyeupe yenye nakshi za dhahabu akaenda msikitini, duka likafungwa, barabara ikawa kimya. Shabnam alikaa mezani kwa mama yake, Rehmatbai, akafungua majalada ya Kristofa na kuyasoma kwa namna ambayo alikuwa hajayasoma, yaani kama mtu asiyetaka jibu lolote.

Mambo yalikuwa mepesi mno, na hilo ndilo lililomuuma. Vidonge vile nguvu yake hukaa kwenye damu siku kadhaa. Anayeruka Jumapili moja moja hajaachwa bila kinga. Thelathini zote Kristofa alizimeza, tena kwa kuruka kwake akajikuta ameziongezea siku nne mbele. Wiki ya sita alipimwa, mshipa ukaonekana uko wazi, unapita damu bila tatizo. Kama ni Jumapili zilizomuua, zingemuua Septemba. Alikufa Novemba, wakati ambapo, kwa ahadi ya Shabnam mwenyewe, hakutakiwa kumeza chochote. Ile ngozi changa ya mshipa haikuota juu ya chuma. Utando uliyeyuka kama ulivyopangwa, na chini yake chuma kikabaki uchi ndani ya moyo wa mtu, kinasubiri.

Alikuwa ametia alama ya hapana kwenye swali la kumi na nne, nayo ilikuwa kweli tupu. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, na Praxeda alikuwa ameaminishwa kuwa amemuua mumewe.

Akampigia Profesa Wilfred, akamweleza yote. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kukatiza.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini kanuni inasema siku tatu."

"Kanuni niliiandika mimi."

"Ndiyo maana nakuambia uiheshimu." Kisha sauti yake ikawa ya upole, jambo baya zaidi. "Sikiliza, Shabnam. Tukisimama, hatutaanza tena. Hakuna atakayetupa nafasi ya pili. Wale watu wako wa Mwera watarudi kwenye mwaka mzima wa vidonge, pamoja na matope yao. Nao watakufa, wengi kuliko wanne. Tofauti ni kwamba hao hakuna atakayekuletea fomu zao."

Alikuwa anasema kweli. Shabnam aliijua kweli hiyo kuliko yeye, kwa kuwa ilikuwa na sura ya Mzee Fanueli. Alitamani Profesa angekuwa mwongo au mlafi. Ingekuwa rahisi kumkatia simu. Alikaa na ile kweli ya pili mapajani, nzito sawa na ya kwanza, akalia kwa hasira, na Rehmatbai akatokeza mlangoni, akamwona, akarudi jikoni bila kuuliza.

Kilichomwamulia hakikuwa ujasiri. Alifungua simu kutafuta namba ya Mwanasiti, akakutana na ujumbe wa wiki iliyopita kutoka kwa Idarusi, mjenzi wa nyumba za matumbawe huko Mkwaja, mgonjwa wa mia moja na arobaini na kitu. Daktari, vidonge nishamaliza, nshapanda na kiunzi tena, Mungu akuzidishie. Mwishoni alitia picha ya mkono unaopunga. Wakati ule Shabnam aliusoma akatabasamu. Sasa aliusoma akaona chuma uchi kimepanda kiunzi.

Akaandika kurasa mbili chini ya swali la kumi na nne, akazituma moja kwa moja kwa kamati ya usalama wa utafiti, bila kupitia kwa Profesa. Kabla ya magharibi kamati ilijibu kwa mistari mitatu. Majaribio yamesimama. Wagonjwa wote wapigiwe, warudishwe kwenye vidonge. Asante kwa uaminifu wako. Alianza na Mkwaja.

"Si mlinambia nimepona?" aliuliza Idarusi.

"Tulikosea, Bwana Idarusi."

"Mmekosea nyie?" Upande wa pili upepo ulivuma ndani ya simu. "Mmekosea kwenye moyo wangu?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema Idarusi. "Vidonge vyapatikana wapi huku?" Shabnam alimwambia watavituma.

Jumamosi asubuhi alirudi Pongwe na Mwanasiti. Hakubeba fomu. Alibeba mchoro alioupanga usiku mzima kichwani na kuuweka kwenye karatasi alfajiri: mshipa, chuma, utando, mistari ya wiki kutoka ya kwanza mpaka ya kumi na moja, na alama pale ambapo kosa lilikuwa la maabara. Alitaka mama yule alione kosa kwa macho, lisiwe neno la kusadiki.

Praxeda aliwapokea kama juzi, akawakalisha kwenye kochi lile lile, akaleta chai. Alikuwa amepungua kwa siku mbili. Shabnam hakungoja kikombe kipoe.

"Shikamoo, mama. Juzi uliniuliza swali, sikukujibu. Nimekuja kukujibu. Si Jumapili. Jumapili zako hazikumfanya kitu mzee. Ni kile kitu tulichomwekea. Kilikuwa kibovu, na mimi ndiye niliyekitengeneza."

Akafungua karatasi, akaonyesha. Alieleza polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani, bila neno hata moja la kitaalamu. Alisema majaribio yamesimamishwa nchi nzima kwa sababu ya Kristofa; kwamba kipande cha Kristofa ndicho kilichothibitisha kuwa alimeza vyote; kwamba kuna watu hivi leo wanarudishiwa vidonge, huenda wakaokoka. Mwanasiti aliitikia kwa kichwa kila mahali, akaongeza, "Ni kweli, mama, Wallahi."

Praxeda alisikiliza, mikono imelala mapajani. Karatasi alipopewa aliikunja mara mbili, akaitia kifuani kwenye sidiria, mahali wanapoweka wanawake rambirambi waliyopewa na watu.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Jana nilikwenda kwa padri. Nimeungama. Amenipa kitubio, na amenisamehe kwa jina la Bwana."

"Lakini hukuwa na dhambi, mama!"

"Padri alisema kutojua kunapunguza. Akasema Mungu anajua." Akanyoosha vitambaa vya mkono wa kochi. "Nehemia naye nimemwambia. Akasema kwenye simu basi, Mama, ndiyo imekwisha kuwa. Mtoto mzuri."

Katika siku moja ile Shabnam aliyokuwa akishindana na Profesa na nafsi yake, neno alilolipanda hapa lilikuwa limeota, limetia mizizi mpaka kanisani, mpaka kwa mtoto. "Mpigie tena," alisema. "Nipe mimi nizungumze naye. Na padri nitakwenda kumwona mwenyewe leo. Mama, sisemi haya kwa kukufariji. Sifariji. Ni kweli."

"Najua una moyo mwema. Mtu atoke mjini mara ya pili, akajitwishe kifo cha mzee asiyemjua, ili mjane apate usingizi. Wazazi wako wamekulea."

"Si wema!"

Sauti ilimtoka kubwa. Praxeda hakukasirika. Alisogea kwenye kochi mpaka magoti yao yakagusana, akauchukua mkono wa Shabnam.

"Mwanangu," alisema, "juzi nilikuuliza, ndizo zilizomuua? Ukanitazama hivi, machoni, kama ninavyokutazama. Ukanyamaza. Kisha ukasema mnachunguza. Jibu lenye heri halichunguzwi, hutoka lenyewe. Pale pale nilijua."

Shabnam alikuwa na kipimo cha wiki ya sita, alikuwa na vipimo vya damu, alikuwa na barua ya kamati yenye mistari mitatu. Ushahidi wa kutosha kuwashawishi wataalamu wa nchi yoyote. Mbele ya kimya chake mwenyewe cha Alhamisi hakuwa na kitu.

Akaanza upya. Akasema si Jumapili, mama, ni chuma changu. Akasema wiki ya sita mshipa ulikuwa wazi. Akasema nisamehe mimi. Alipofika katikati machozi yakamshinda, naye akaendelea kusema katikati ya machozi, na Praxeda akaitikia kila neno, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo," huku akimfuta uso kwa ncha ya khanga yake.